Mikono Mia Sita ya Kushoto

Saa mbili kamili asubuhi filimbi ililia, na cherehani kumi na nne zikaanza kunguruma kwa pamoja kama zimefungwa kamba moja. Aliyeipuliza alikuwa mkaza mwana wa mwenye karakana, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minane, aliyevaa saa yake upande wa ndani wa kifundo cha mkono ili aisome bila kuacha anachokifanya. Wafanyakazi walimwita Kamanda. Walidhani hajui. Alijua tangu mwaka wa kwanza, na akaona kati ya majina ambayo angeweza kubandikwa, hilo lilikuwa na nafuu.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki yake. Wiki iliyopita ilikuwa ya shemeji yake.

Mambo yalianzia kwenye magoti ya mama mkwe. Bibi huyo alianza na cherehani moja ya kukanyaga, akaishia na karakana yenye meza ya kukatia ya mita saba na ofisi ndogo juu, ngazi kumi na saba kutoka chini. Mwezi uliopita alisimama kwenye ngazi ya tisa, akashika ukuta, akasema kwa sauti ya kusikika karakana nzima, "Magoti yameniandikia barua ya kujiuzulu. Nimeikubali."

Alihitaji mtu wa kumwachia ufunguo. Waliokuwa na sifa ni wawili. Mmoja ni mwanawe wa mwisho, shemeji yake Kamanda, mcheshi, mnene kidogo, ambaye watu walimwita Baraza kwa sababu hata akitaka kufungua dirisha huuliza kwanza nani anasikia joto na nani anasikia baridi. Wa pili ni Kamanda. Mume wake Kamanda, ambaye ndiye mtoto wa kwanza, hakuhesabiwa: alikuwa mwalimu wa hisabati, na alishasema zamani kwamba cherehani humpigia kelele kichwani.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," mama mkwe aliwaambia, amewakalisha mbele yake kama wanafunzi. "Na mimi sitaki kusikia huyu mwanangu wa kuzaa, huyu mke wa mwanangu. Nataka hesabu. Hospitali imeagiza makoti meupe mia sita. Nayagawa mara mbili. Kila mmoja mia tatu, siku sita, watu walewale, cherehani zilezile. Wiki ya huyu, yule anashona vifungo. Mwisho wa wiki kila koti litapita mkononi mwangu. Atakayepitisha mengi, ufunguo wake."

"Na tukilingana, mama?" Baraza aliuliza.

"Mtapigana."

Kamanda hakucheka. Alikuwa anaandika masharti kwenye karatasi. Alifanya kazi pale miaka kumi na moja, akiwa wa pili kwa kila kitu, na ufunguo ule alikuwa ameutamani kwa muda wote huo bila kumwambia mtu yeyote, mumewe akiwemo.

Wiki ya Baraza aliiangalia kutoka kwenye meza ya vifungo, sindano mkononi, macho kwenye saa. Jumatatu asubuhi shemeji yake hakupuliza filimbi. Aliwakusanya watu wote kwa duara, wengine wamekaa juu ya mabunda ya vitambaa, akasugua viganja. "Haya jamani. Makoti mia tatu. Mnaonaje?"

Waliona mengi. Penye wengi pana mengi, na pale palikuwa na watu kumi na tisa. Mshonaji mmoja wa siku nyingi, mama mkimya wa cherehani ya nne, alisema mifuko ingeshonwa kabla ya kuunganisha mbavu za koti, kipande kikiwa bado bapa, badala ya kuhangaika nayo koti likiwa limeshakuwa mfuko lenyewe. Alikuwa ameliwaza hilo miaka tisa. Hakuna aliyemuuliza. Walijaribu hapohapo, Kamanda alipima akakuta dakika sita zimeokolewa kwa kila koti. Aliiandika sita akaipigia mstari, kwa sababu ukweli ni ukweli hata ukitoka kwa mpinzani.

"Shemeji, na wewe unaonaje kuhusu hii mifuko?" Baraza alimuuliza kutoka upande wa pili wa karakana.

"Mimi nashona vifungo," alijibu.

Lakini Jumatano walijadili redio. Je, ifunguliwe au isifunguliwe? Ikifunguliwa, idhaa ipi? Walipiga kura, wakafungana tisa kwa tisa, mpiga pasi akiwa amekwenda chooni. Wakamngoja. Aliporudi akasema yeye kwa kweli hana upande. Dakika arobaini na saba. Alhamisi mkataji alitaka kubadilisha meza, na kwa kuwa hakuna aliyependa kumvunja moyo, meza ikabadilishwa, kisha ikarudishwa. Jumamosi jioni watu walitoka wakiimba. Makoti yalikuwa mia mbili sabini na moja. Mama mkwe alikagua moja moja, miwani kwenye ncha ya pua, akayakataa mawili tu.

Mia mbili sitini na tisa. Kamanda aliipeleka namba hiyo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Kwa hiyo sasa filimbi ililia, na kwenye ukuta palikuwa na ubao wenye kanuni kumi, zote kwa wino mwekundu na mwandiko wake mwenyewe. Kanuni ya kwanza ilikuwa kuhusu saa mbili. Ya pili ilikataza kupiga kelele ndani ya karakana. Ya saba ilisema: KADI HAIGEUZWI.

Ya saba ilikuwa na historia. Kila kipande cha nguo kina kadibodi yake iliyokatwa kwa umbo lake. Mkataji huiweka juu ya kitambaa, huchora kwa chaki, kisha hukata tabaka zote kwa pamoja. Miaka minne nyuma mtu aligeuza kadi ya mfuko chini juu, na mashati themanini ya walinzi yakatoka na mfuko upande usiokuwa na moyo. Kamanda aliandika kanuni siku ileile. Tangu hapo kosa lile halikurudi, na kwake hiyo ilikuwa hoja ya kutosha.

Kwenye nguzo ya katikati lilining'inia daftari la maswali, limefungwa kwa uzi pamoja na kalamu. Hilo pia lilikuwa tunda la vipimo. Alikwisha kuhesabu kwamba mtu akikatizwa kazi ili aulizwe jambo, hupoteza dakika sita kabla ya kurudi kwenye mwendo wake. Na kwa siku maswali yalikuwa ishirini na mawili. Basi kila swali liandikwe, na saa iandikwe. Majibu ni saa kumi jioni, yote kwa mkupuo.

Jumatatu ilikwenda kama maji kwenye mfereji. Viwiliwili vya makoti yote mia tatu vilikatwa na kufungwa mafungu. Mifuko ilishonwa kwa ule mtindo mpya. Jumanne hadi saa sita walikuwa mbele ya ratiba kwa makoti kumi na nne, na Kamanda aliandika namba kwenye ubao kila saa, bila tabasamu, ingawa mkono ulioandika ulikuwa mwepesi.

Saa saba na nusu simu ililia. Mwenye kuuza vitambaa alisema jora la mikono litafika Jumatatu ijayo. Gari limeharibika, dada yangu, yaani hata mimi nashangaa.

Kamanda hakubishana. Mtu anayeshangaa gari lake mwenyewe huna la kumwambia. Aligeuka akatazama meza ya kukatia. Juu yake kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa tayari, tabaka hamsini, mita karibu tatu, kwa ajili ya aproni za mkahawa mmoja ambao haukuwa na haraka. Kilikuwa ni kitambaa kilekile cha makoti. Alipiga hesabu kwa kichwa: mikono kumi na miwili inaenea hapo, mara hamsini, ni mia sita. Inatosha barabara. Hata kazi ya kutandika imeshafanyika. Saa nzima imeokolewa.

"Aproni zitangoja," alimwambia mkataji. "Kata mikono hapo hapo. Minne mikubwa, minne ya kati, minne midogo."

Mkataji, ambaye watu walimwita Mkasi, alikuwa amesimama nyuma ya meza ile miaka ishirini na miwili. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye chaki sikioni. Alitazama kitambaa, akatazama kadi, akamtazama Kamanda.

"Sawa mama, lakini hapa kuna..."

"Daftari."

"Ni neno moja tu, mama."

"Neno moja ni dakika sita, ndugu yangu. Andika, nitajibu."

Mkasi alikwenda kwenye nguzo. Aliandika kwa utulivu, mistari kadhaa, akaweka saa: nane na dakika kumi. Akarudi nyuma ya meza, akakunja mikono.

"Mbona umesimama?"

"Nangoja jibu."

"Jibu saa kumi. Kazi sasa."

Akatoa chaki sikioni, akafanya kazi. Saa tisa na nusu mikono mia sita ilikuwa imekatwa, kingo safi, imefungwa mafungu kwa utepe. Kamanda alipita akagusa fungu la juu kwa kidole. Mtu ukimpa utaratibu, alijisemea, hana haja ya kupewa kitu kingine.

Saa kumi alifungua daftari. Kulikuwa na maswali matatu. La kwanza lilisema komeo la choo cha wanaume limeng'oka, je, litarekebishwa lini? La tatu liliuliza kama filimbi inaweza kupulizwa mbali kidogo na cherehani ya pili, kwa sababu ya sikio. La pili lilikuwa na mwandiko mzuri wa shule za zamani:

*Kitambaa cha aproni kimetandikwa uso juu tabaka zote, si uso kwa uso. Kadi ni ya mkono wa kushoto. Nisipoigeuza nusu ya mara, mikono yote mia sita itakuwa ya kushoto. Kanuni ya saba inakataza. Je, nigeuze?*

Alisoma mara mbili. Halafu akasoma saa: nane na dakika kumi.

Kila siku makoti hukatwa kwenye kitambaa kilichotandikwa uso kwa uso, tabaka moja ikiangaliana na nyingine kama kiganja na kiganja, ili kila pigo la mashine litoe mkono wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kadi haina haja ya kugeuzwa. Aproni haina kulia wala kushoto, hutandikwa vyovyote. Hata mshonaji mwenye wiki mbili tu kazini anajua hilo. Kamanda alilijua kuliko wote, na lilikuwa limempita mbele ya macho kwa sababu macho yalikuwa kwenye ile saa nzima aliyoiokoa.

Alikwenda kwenye meza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuandikia, mama."

"Ungepiga kelele basi!"

Mkasi alielekeza kidevu ukutani, kwa heshima zote. "Kanuni ya pili."

Kamanda alitafuta mahali pa kuweka hasira yake, akapima kila mtu aliyekuwepo, na hakuna aliyekuwa na kosa hata la dakika moja. Mtandikaji alitandika aproni kama alivyoagizwa. Mkataji aliuliza, aliuliza kwa maandishi, aliuliza mapema, kisha akatii. Alipofuata uzi hadi mwisho wake, aliukuta umefungwa kwa wino mwekundu, na mwandiko ulikuwa wake.

Sasa alikuwa na mikono mia tatu ya kushoto asiyokuwa na kazi nayo. Kwenye jora lililobaki kulikuwa na mita thelathini. Mikono mia tatu ya kulia ilitaka sitini na tano. Kitambaa kingine ni Jumatatu. Mama mkwe hakuwepo, alikuwa amepeleka magoti kwa daktari. Bila mkono wa kulia koti si koti, na kwa kitambaa kilichobaki angepitisha mia na arobaini, haidhuru afanyeje. Ufunguo aliouona mkononi asubuhi sasa ulikuwa kwenye kidole cha mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine alikuwa pale kwenye meza ya vifungo, anakata uzi kwa meno.

"Shemeji," Baraza alisema bila kuinua kichwa, "nasikia tumepata oda ya watu wenye mikono miwili ya kushoto. Hospitali ya wapi hiyo? Daktari akikupasua si anakushona mgongoni?"

"Uliona?"

"Tangu saa nane na nusu."

"Ukanyamaza."

"Wiki jana nilikuuliza unaonaje kuhusu mifuko, ukaniambia wewe unashona vifungo. Basi na mimi nashona vifungo." Halafu akaweka sindano chini, na uso wake ukabadilika. "Hapana, shem. Hiyo si sawa. Ningesema. Nilitaka uje uulize, nikangoja, nikakuta umechelewa na mimi nimechelewa."

Kamanda aliliweka jibu hilo upande wa ukweli. Aliketi kwenye stuli iliyokuwa mbele yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya saa za kazi.

"Kile kikao chako kinaendeshwaje?"

"Unauliza. Halafu unanyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mtu aseme."

"Dakika ngapi?"

"Shemeji!"

Saa kumi na robo filimbi ililia. Watu walisimama kwa mstari kufuata namba za cherehani, wakijua wanakwenda kukaripiwa. Mama wa cherehani ya nne alikuwa ameshaanza kutazama chini. Kamanda alisimama mbele yao na fungu la mikono kifuani.

"Nimekosea," alisema.

Mtu mmoja alidondosha mkasi.

Akawaeleza yote bila kupunguza: kitambaa, kadi, daftari, saa nane na dakika kumi, mita thelathini, Jumamosi. Ilimchukua dakika mbili. Kisha akasema, "Mnaonaje?" na maneno hayo yalimtoka kama ya lugha aliyoanza kujifunza jana.

Kimya. Alitazama saa. Sekunde kumi. Ishirini. Kinywa kilimwasha, na kwenye sekunde ya thelathini alivuta pumzi atoe amri, lakini Baraza, aliyekuwa nyuma ya wote, aliweka kidole midomoni. Akaimeza amri yake. Sekunde arobaini na moja.

"Tununue kitambaa dukani," alisema mmoja.

"Weupe wa dukani si weupe huu. Koti litakuwa kama limeazima mkono."

"Tugeuze nje ndani. Kushoto itakuwa kulia."

"Uso wa kitambaa una milia ya mshazari, nyuma hauna," Mkasi alisema. "Bibi mwenyewe ataiona akiwa mlangoni."

"Bila miwani," aliongeza mwingine, na watu wakacheka kidogo, wakamtazama Kamanda, wakaona hajakasirika, wakacheka zaidi.

Ndipo mpiga pasi akainua mkono. Alikuwa dada mwenye mikono minene na watoto watano wa kiume, yuleyule aliyekosa upande kwenye mambo ya redio.

"Mimi sijui kukata," alisema. "Lakini shati la mwanangu mkubwa likimbana nalikata linakuwa la mdogo wake. Linalombana mdogo wake nalikata linakuwa la anayemfuata. Huo mkono mkubwa wa kushoto si mkubwa? Kata ndani yake wa kulia wa kati."

Mkasi alikuwa tayari anatembea. Alichukua mkono mkubwa wa kushoto akaulaza mezani, akachukua kadi ya mkono wa kati, akaishika hewani, akageuka kutazama ubao ukutani.

"Kanuni ya saba, mama."

"Geuza, ndugu yangu! Geuza!"

Akaigeuza, akaiweka. Iliingia ndani ya kile kipande pande zote, na nafasi ya kidole ikabaki. Mviringo wa bega, ambao ndio hutofautisha kulia na kushoto, ulikaa mahali pake. Watu waliizunguka meza nzima, wakipumuliana shingoni.

Kamanda alikuwa ameshaanza hesabu kwa sauti. Kila saizi ina makoti mia. Mia za kushoto zilizozidi katika mikubwa zitakuwa mia za kulia za kati. Zilizozidi za kati zitakuwa za kulia ndogo. Inabaki mikubwa ya kulia tu, mia moja, na hiyo inataka mita ishirini na mbili. Jora lina thelathini. "Na mikono midogo ya kushoto mia moja inabaki bila kazi."

"Mifuko ya aproni!" alisema mama wa cherehani ya nne, safari hii bila kungoja kuulizwa.

Kisha kikao kikafanya kama vikao vyote. Mtu alikumbuka redio. Mwingine akasema, kwa kuwa tumekaa, ni nani atalizungumzia lile komeo la choo? Wa tatu alikuwa na jambo kuhusu likizo. Kamanda aliwaacha dakika nne, akiwatazama kwa udadisi wa mtu anayechungulia jikoni kwa jirani, kisha akapuliza filimbi.

"Shem," Baraza alinong'ona akipita, "ulikuwa unaendelea vizuri."

"Watu wana kazi."

Walipoteza siku nzima, Jumatano, kukata upya. Alhamisi na Ijumaa walikimbizana na ubao. Mikono iliyokatwa mara mbili haikuwa mitulivu kama ile ya kwanza. Mingine ilivutika kwenye bega, na washonaji walilazimika kuibembeleza. Jumamosi saa kumi na moja makoti yalikuwa mia mbili tisini na moja.

Mama mkwe alikaa chini, karibu na mlango, miguu juu ya kijistuli, akapitisha moja moja. Kazi hiyo ilimchukua Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi. Alikataa kumi na moja, yote kwa ajili ya mabega, na hakuuliza yamekuwaje. Mia mbili themanini.

Kwa hesabu hiyo jambo lilikuwa limekwisha: themanini dhidi ya sitini na tisa. Lakini kila mmoja alitakiwa kuleta taarifa ya ukurasa mmoja. Ya Baraza ilianza na majina ya watu wote kumi na tisa na shukrani kwa kila mmoja, ikaishiwa na nafasi. Ya Kamanda ilikuwa na jedwali. Jumapili mchana alikuwa ameliandika mezani kwake nyumbani, mumewe akisahihisha madaftari ng'ambo ya meza, na alipofika mwisho alisimamisha kalamu muda mrefu.

"Kuna tatizo la hesabu?" mumewe aliuliza.

"Hakuna. Ndilo tatizo."

Akaandika mistari miwili zaidi. Wa kwanza: Jumanne msimamizi aliamuru mikono ikatwe kimakosa, akakataa kusikiliza swali, hasara ni siku moja. Wa pili: mtindo wa mifuko uliotoka kwenye kikao cha wiki ya kwanza umeokoa dakika sita kwa koti, sawa na makoti kumi na mawili kwa wiki, bila huo hesabu ya wiki ya pili ingekuwa mia mbili sitini na nane.

Jumatatu mama mkwe alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Sitini na nane," alisema. "Huyu ana sitini na tisa."

"Ndiyo, mama."

"Umejishtaki mara mbili kwenye karatasi moja. Nani alikuuliza?"

"Ulisema unataka hesabu. Bila hiyo ingekuwa nusu hesabu."

Baraza alikuwa amesimama karibu na mlango.

Mama mkwe aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa ufunguo uliofungwa kipande cha utepe wa kupimia. "Nilisema makoti yatakayopita mkononi mwangu. Yaliyopita ni mia mbili themanini. Hayo mengine yangekuwa, yasingekuwa, mimi sijayashika." Akamwekea Kamanda kiganjani, akamfungia vidole juu yake. "Mwanangu, wewe watu wanakupenda," alimgeukia Baraza. "Na mimi nakupenda. Hospitali inataka makoti."

"Hata bila kupiga kura, mama?"

"Piga."

Alifikiri. "Nampigia yeye. Wiki ile nililala naota mifuko tu." Alimkabili shemeji yake, nusu mzaha, nusu si mzaha. "Ila hicho kikao cha asubuhi usikiue, shem."

"Dakika kumi," Kamanda alisema. "Utakiendesha wewe. Mimi nitashika saa. Unaonaje?"

"Mimi," alijibu Baraza, "nashona vifungo," na akacheka hadi mama yake akamtupia kipande cha chaki.

Jumanne saa mbili kamili filimbi ililia, mbali kidogo na cherehani ya pili. Ubao ulikuwa palepale. Kwenye kanuni ya saba, chini ya wino mwekundu, palikuwa na maneno mapya kwa wino wa buluu: *mpaka uniulize*. Daftari pia lilikuwa palepale kwenye nguzo, kwa sababu maswali ishirini na mawili mara dakika sita bado ni saa mbili na ziada, na hakuna kikao kinachoweza kubadilisha hilo. Ila kwenye jalada lake alikuwa ameandika: *Yanayoweza kungoja*.

Saa tatu kasorobo Mkasi aliinua chaki juu kama mwanafunzi.

"Mama. Nina swali, na hili haliwezi kungoja."

Cherehani zilipunguza mwendo. Kamanda alitazama upande wa ndani wa mkono wake, kisha akaacha kutazama.

"Sema."

"Lile komeo la choo cha wanaume," alisema Mkasi. "Liko kwenye daftari tangu Jumanne iliyopita. Saa nne na nusu asubuhi. Kuna mtu ndani sasa hivi, na anaimba ili tujue yumo."

Wote wakasikiliza. Ilikuwa kweli.

Kamanda alifungua droo ya meza ya kukatia, akatafuta kati ya chaki na tepu, akapata bisibisi, akaenda mwenyewe.